Je, Wajua? Kukata Muunganisho Kuna Kazi Kuliko Kuunganisha

JE, WAJUA kwamba simu janja iliyo mezani kwa wakala wa pesa pale Katindiuka, Ifakara, hufungua na kufunga miunganisho ya intaneti mchana kutwa, hata wakati mwenyewe ameinama anahesabu noti za mteja aliyetoka kuuza mpunga? Kufungua kunatangazwa redioni kila siku: kasi, 4G, bando. Kufunga hakuna anayekutaja. Safu ya leo ni ya kufunga, maana huko ndiko zinakojificha hitilafu ngumu kuliko zote za kompyuta, na simu yako imo.

Je, wajua kwamba WhatsApp haiongei na mnara moja kwa moja? Wala programu ya benki. Programu huomba tu. Anayetenda ni kerneli, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu za prosesa na kupokea kila pakiti (kifurushi kidogo cha data) inayoingia. Kerneli ya Linux ilitangazwa tarehe 25 Agosti 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Android, iliyoingia sokoni mwaka 2008, imejengwa juu yake. Seva nyingi duniani nazo zinaiendesha. Kwa hiyo kosa likionekana kwenye seva ya California, simu ya bonde la Kilombero haina budi kukaguliwa nayo.

Je, wajua kwamba kuanzisha muunganisho wa TCP, itifaki inayobeba mazungumzo mengi ya intaneti, kunahitaji pakiti 3, na kuufunga kwa utaratibu kwa kawaida kunahitaji 4? Sababu ni kwamba kila upande hufunga kivyake. Simu hutuma alama ya FIN, maana yake "mimi sina la kuongeza". Seva hujibu imesikia, lakini inaweza kuendelea kuzungumza. Ikimaliza nayo hutuma FIN yake, simu ikajibu, ndipo pande zote mbili zinapokuwa zimenyamaza.

Waraka uliopanga utaratibu huo ni RFC 793 wa Septemba 1981, uliohaririwa na Jon Postel. Unataja hali 11 ambazo muunganisho unaweza kuwemo. Zihesabu: 3 ni za kusubiri na kuanzisha, 1 ni ya kuzungumza, 1 ni ya kutokuwepo kabisa. Zilizobaki, 6 nzima, ni za kufunga. Waandishi wa mwaka 1981 walijua mapema kazi iko wapi.

Kuna hata hali moja iliyowekwa kwa ajili ya pande mbili kuagana kwa wakati mmoja, FIN zikapishana njiani. Inaitwa CLOSING. Ni nadra kuiona, lakini kerneli isiyoifahamu ingekwama siku itakapotokea.

Je, wajua kwamba baada ya kuagana, upande ulioanza kufunga hausahau mara moja? Hukaa katika hali ya TIME-WAIT. RFC 793 ilipendekeza jumla ya dakika 4. Linux hukaa sekunde 60. Sababu ni mbili: jibu la mwisho linaweza kupotea njiani, na upande wa pili ukarudia FIN yake. Lazima awepo wa kuijibu. Tena pakiti iliyochelewa, ya mazungumzo ya zamani, inaweza kufika wakati namba zile zile za mlango zimeshapewa mazungumzo mapya, ikachanganywa humo.

(Kwa mafundi wa seva: wengi wenu hubadili tcp_fin_timeout mkidhani mnapunguza TIME-WAIT. Mpangilio huo ni wa FIN-WAIT-2. Hizo sekunde 60 za TIME-WAIT zimeandikwa ndani ya msimbo wenyewe.)

Je, wajua kwamba ilishathibitishwa kuwa hakuna idadi yoyote ya ujumbe itakayozipa pande mbili uhakika kamili, ikiwa njia kati yao inaweza kupoteza ujumbe? Tatizo hilo lilielezwa mwaka 1975, na mtaalamu wa kompyuta Jim Gray akalipa umaarufu mwaka 1978 kwa mfano wa majenerali wawili. Kwa sababu hiyo kila namna ya kufunga muunganisho lazima ikome mahali fulani na kutegemea saa.

Hayo ni ya njiani. Ya ndani ya simu ni makubwa zaidi.

Je, wajua ni wangapi wanaogusa muunganisho mmoja kwa wakati mmoja ndani ya kerneli? Wa kwanza ni programu yenyewe, inayosoma, kuandika na mwishowe kuamuru "funga". Wa pili ni kadi ya mtandao, inayokatiza kazi yoyote ile kuleta pakiti mpya. Wa tatu ni vipima muda: kimoja cha kurudia pakiti isiyojibiwa, kingine cha kuchelewesha majibu, kingine cha kupima kama upande wa pili bado upo. Wa nne ni programu nyingine iliyogawiwa soketi ile ile (soketi ni kishikio cha muunganisho ambacho kerneli huipa programu). Simu nyingi za leo zina viini 8 vya prosesa, na hao wote wanaweza kuwa kazini katika nukta moja, kila mmoja kwenye kiini chake.

Kila mmoja wao yuko sahihi akiwa peke yake. Hatari inakuja pale matokeo yanapotegemea nani ametangulia. Hitilafu hiyo ndiyo mgongano wa wakati.

Fikiria chumba cha kupanga. Mpangaji anaondoka asubuhi, mwenye nyumba anakipokea, na kabla ya adhuhuri amekwishampa mwingine. Usiku ndugu wa mpangaji wa zamani, ambaye bado ana ufunguo, anafika kutoka safari, anafungua, anaingiza mizigo yake gizani na kuanza kuhamisha vitu. Hajui kwamba vitu hivyo si vya nduguye tena. Kumbukumbu ya kompyuta hupangishwa vivyo hivyo. Muunganisho ukifungwa, kerneli hulirudisha eneo lake na kulitoa kwa kazi nyingine mara moja. Kama kipima muda kimoja bado kinashikilia anwani ya eneo lile, kitaandika ndani ya mali ya mtu mwingine.

Matokeo ya kawaida ni simu kuzima ghafla na kujiwasha upya. Matokeo mabaya zaidi ni mdukuzi kuchagua mwenyewe nini kiwekwe katika eneo lile kabla kipima muda hakijarudi, na kwa njia hiyo kujipatia mamlaka ya mfumo mzima. Tusilichukulie jambo hili kuwa dogo kwa sababu tu halionekani.

Je, wajua kwamba hapo zamani Linux ilijikinga kwa kufuli moja kubwa la kerneli nzima? Liliingia na toleo la 2.0 mwaka 1996, kompyuta za prosesa zaidi ya moja zilipoanza kuungwa mkono. Aliyelishika alifanya kazi, wengine wakasubiri. Migongano ilipungua, na kasi ikapungua nayo. Wahandisi walitumia miaka kuligawa kuwa makufuli madogo madogo, kila sehemu na lake, hadi lile kubwa likaondolewa kabisa katika toleo la 2.6.39, Mei 2011. Uhuru huo ulikuja na gharama: kila kufuli dogo ni nafasi mpya ya mtu kusahau kulifunga, au kulifunga kwa kuchelewa.

Je, wajua kinachotokea pakiti inapofika wakati programu imeshika kufuli la soketi? Haitupwi. Kadi ya mtandao haiwezi kusimama kungoja, kwa hiyo pakiti huwekwa kwenye foleni ya pembeni, na programu inapoachia kufuli hulazimika kwanza kuimaliza foleni ile. Hata ikiwa imeshika kufuli hilo ili kufunga. Kwangu mimi huu ni miongoni mwa mipango mizuri kabisa ndani ya kerneli: kabla hujaondoka, maliza yaliyokungoja.

Je, wajua kwamba kerneli huhesabu wanaokishikilia kitu? Kila anayeanza kutumia soketi huongeza 1, akimaliza hupunguza 1, ikifika 0 eneo linaachiwa. Kosa dogo la hesabu, mtu mmoja kupunguza mara mbili, linatosha kuachia kitu kikiwa bado kinatumika. Ndiyo maana toleo la 4.11 la mwaka 2017 lilileta aina mpya ya kihesabu, refcount_t, ambayo ikigundua hesabu imevuka mipaka hugoma kuendelea na kupiga kelele kwenye kumbukumbu za mfumo. Mwaka huo huo kihesabu cha soketi kilihamishiwa kwenye aina hiyo.

Na je, wajua kwamba hesabu pekee haitoshi? Desemba 2021 Torvalds mwenyewe alirekebisha mgongano ulioripotiwa na Jann Horn wa Google, uliosajiliwa kwa namba CVE-2021-4083. Kiini kimoja kinatafuta faili au soketi katika jedwali la programu ili kuishika. Katika nukta hiyo hiyo kiini kingine kinaifunga. Wa kwanza anaiona jedwalini, wa pili anaifuta, kisha wa kwanza anaongeza hesabu yake kwenye kitu ambacho tayari kimeondolewa jedwalini. Dawa ilikuwa fupi: ukishashika, tazama jedwali tena. Kama kitu hakipo pale ulipokikuta, achia na uanze upya.

Shika, kisha thibitisha. Utaratibu huo unajirudia kila kona ya msimbo wa mtandao. Mwishoni mwa mwaka 2008 mhandisi Eric Dumazet aliyahamisha majedwali ya miunganisho ya TCP kwenye mbinu iitwayo RCU, iliyoingia katika Linux mwaka 2002 kwa kazi ya Paul McKenney. Chini ya RCU anayesoma hahitaji kufuli kabisa. Kwa kawaida anayeharibu ndiye anayesubiri hadi wasomaji wote waliokwisha kuanza wamalize. Kwa soketi za TCP, hata hivyo, eneo linaweza kupewa muunganisho mwingine papo hapo, kwa ajili ya kasi. Kwa hiyo anayetafuta hufanya mambo mawili: hushika tu ikiwa hesabu si 0, halafu hulinganisha upya anwani na namba za milango. Zisipolingana, ameshika mtu siye.

Je, wajua kwamba wakati mwingine tiba ni kuhamisha mstari mmoja tu wa msimbo? Hapa tutulie kidogo, maana mfano huu unafundisha. Novemba 2019 wahandisi wa Linux waliongeza uwezo mpya kwenye soketi za vsock, zile zinazounganisha kompyuta pepe na kompyuta inayoibeba. Mabadiliko yalitoka na Linux 5.5. Ndani yake kulikuwa na kazi inayoanza hivi: chukua anwani ya njia ya usafirishaji, iweke pembeni, shika kufuli, endelea. Ukisoma haraka huoni tatizo. Lakini kati ya kuchukua anwani na kushika kufuli kuna upenyo. Katika upenyo huo kiini kingine kinaweza kubadilisha njia ile na kuachia eneo la ile ya zamani. Wa kwanza anaposhika kufuli, analinda kitu ambacho kimeshaondoka, huku mkononi ana anwani ya zamani.

Alexander Popov, mtafiti wa usalama kutoka Urusi, aliliona kosa hilo mwanzoni mwa mwaka 2021. Akakuta limerudiwa mahali 5 kwa sura ile ile. Marekebisho yaliyoingia Februari 2021 yalisema hivi: shika kufuli kwanza, ndipo uchukue anwani. Maneno yale yale, mpangilio tofauti. Popov alionyesha pia kwamba upenyo huo, mwembamba ulivyo, unatosha kumpa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Namba yake ni CVE-2021-26708.

Kijana unayejifunza kuandika programu, uliyeko Ifakara au Morogoro mjini, mfano huu uuandike daftarini kwa mkono wako. Kufuli lililofungwa baada ya kusoma halikulindi.

Je, wajua kuhusu kosa la aina hii lililotumika kushambulia simu za Android za watu halisi? Hili linanikera mpaka leo. Soketi za UNIX, zinazotumika ndani ya kifaa kimoja, huruhusu programu kutumiana soketi nyingine kana kwamba ni ujumbe. Soketi mbili zinaweza kutumwa kila moja ndani ya mwenzake, kisha wenyewe wakafunga na kuondoka. Hakuna tena anayeweza kuzifikia, lakini hesabu zao hazifiki 0 kwa sababu zinashikana zenyewe. Kerneli basi ina mkusanya taka wake, anayepita kuzitafuta na kuzifunga.

Mgongano ulikuwa hapa: mkusanya taka anaamua soketi fulani imekufa, na wakati huo huo programu inachungulia ujumbe bila kuutoa kwenye foleni, na kwa kuchungulia inapata mkono juu ya soketi ile ile. Mmoja anaua, mwingine anatumia. Mwaka 2016 mhandisi mmoja alipendekeza marekebisho, hayakukubaliwa. Miaka 5 ikapita. Mwaka 2021 kosa hilo, CVE-2021-0920, lilikutwa likitumika katika mashambulizi yaliyolenga watu maalumu. Likarekebishwa, na taarifa ya usalama ya Android ya Novemba 2021 ikalitaja. Mwaka 2024, katika toleo la 6.10, mkusanya taka wa soketi hizo aliandikwa upya. Yule aliyeonya mwaka 2016 alikuwa na haki ya kusikilizwa.

Je, wajua kwamba kuzima kipima muda si sawa na kuhakikisha kimekoma? Kerneli ina amri mbili. Moja husema "usilie tena", na hurudi mara moja. Lakini kama mlio umeshaanza kwenye kiini kingine, utaendelea hadi uishe. Nyingine husubiri mpaka mlio wenyewe umalizike. Ya pili ni salama zaidi, ila ukiiita huku umeshika kufuli ambalo kipima muda nacho kinalingoja, nyote wawili mtasubiriana milele.

Kwa soketi za programu za kawaida amri ya kwanza ilitosha, kwa sababu kipima muda kinachoendelea hushikilia soketi, nayo soketi hushikilia mazingira yake ya mtandao. Soketi zilizofunguliwa na kerneli yenyewe hazikuwa na ulinzi huo: mazingira yao yaliweza kubomolewa kipima muda kikiwa bado kazini. Ripoti za hitilafu zilikuwa zikija moja moja, ngumu kuzirudia. Machi 2024 Dumazet aliingiza marekebisho yanayozifanya soketi za kerneli zisubiri vipima muda vyote vikome kweli kabla ya kuachiwa, pamoja na onyo la kumnasa yeyote atakayeiita amri hiyo huku ameshika kufuli. Marekebisho yenyewe aliyaandika miaka miwili kabla. Yalikosa tu mtu mwenye mashine inayolirudia kosa mara kwa mara ili yajaribiwe.

Toleo la 6.2 la mwaka 2023 lilikuwa limekwisha kuleta amri kali zaidi: kipima muda kinafungwa kiasi kwamba hata mtu akijaribu kukiwasha tena hakiwaki.

Je, wajua kwa nini makosa haya hukaa miaka bila kuonekana? Upenyo unaweza kuwa mdogo kuliko sehemu ya milioni ya sekunde. Fundi akiongeza mstari mmoja wa kuandika taarifa ili achunguze, mwendo unabadilika kidogo na kosa linatoweka. Dawa iliyopatikana ni kuzitesa kerneli kwa makusudi. Programu ya syzkaller, iliyoanzishwa na Dmitry Vyukov wa Google mwaka 2015, hutengeneza amri za ovyo ovyo na kuzipiga kwa pamoja usiku na mchana: fungua, tuma, funga, funga tena. Pembeni yake kuna KASAN, anayekamata yeyote anayegusa eneo lililokwisha kuachiwa, na tangu toleo la 5.8 la mwaka 2020 kuna KCSAN, anayevizia viini viwili vikigusa kitu kimoja bila mpangilio.

Je, wajua kwamba mgongano wa wakati umewahi kuua? Kati ya 1985 na 1987 mashine ya mionzi ya Therac-25 iliwapa wagonjwa 6 wa Marekani na Kanada mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Mojawapo ya sababu ilikuwa mhudumu kurekebisha maelekezo upesi kuliko programu ilivyotarajia. Na tarehe 14 Agosti 2003, mgongano wa aina hiyo ulizima kimya kimya king'ora cha chumba cha kuongozea umeme huko Ohio. Siku hiyo watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme.

Turudi nyumbani.

Je, wajua kilichotokea ndani ya seva siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini kuelekea Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota? Miunganisho mingi ilikatika bila FIN hata moja. Hakuna aliyeaga. Seva ya Linux iliyokuwa na data ya kutuma ikijikuta katika hali hiyo hurudia mara 15, kila mara ikingoja muda mrefu zaidi, na kwa mipangilio ya kawaida hukata tamaa baada ya takriban dakika 15 na nusu. Ambayo haikuwa na la kutuma haina hata sababu ya kushtuka. Kipima uhai cha Linux, kama programu imekiomba, huanza kuuliza baada ya saa 2 za kimya, huuliza mara 9 kila baada ya sekunde 75, na hutangaza kifo baada ya saa 2, dakika 11 na sekunde 15.

Umeme ukikatika ghafla, au simu ikiishiwa chaji njiani, kinachotokea ni hicho hicho kwa udogo wake. Miunganisho ya namna hiyo ndiyo inayopitia njia zile zisizojaribiwa sana za msimbo wa kufunga, vipima muda vikilia huku programu ikiondoka. Kwa hiyo mtandao wa kusuasua wa vijijini huupima msimbo huu kwa namna ambayo ofisi yenye waya imara haiupimi.

Taasisi ya Afya Ifakara imefuatilia kaya za Kilombero na Ulanga tangu mwaka 1996, na dodoso za karatasi baadaye zilipisha vifaa vya Android. Kumbukumbu ya mtoto aliyezaliwa au mzee aliyefariki husafiri kwenye muunganisho unaoweza kukatika. Programu nzuri ya kukusanya takwimu huhifadhi kumbukumbu kwenye kifaa hadi seva ithibitishe kwa maneno yake kwamba imeipokea. Kufungwa kwa soketi hakuthibitishi chochote.

Je, wajua kwamba kanuni hiyo inakuhusu na wewe uliyesimama kwa wakala? Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo wengi wetu tumewahi kutuma pesa, skrini ikaganda, tukatuma tena. Mawasiliano kukatika hakumaanishi muamala umeshindikana. Ombi linaweza kuwa limefika na kutekelezwa, likapotea jibu tu. Subiri ujumbe, angalia salio, angalia miamala ya mwisho, ndipo urudie. Kerneli ikiwa salama kabisa, bado haiwezi kukusaidia hapo. Hiyo ni kazi ya aliyeandika programu na ya mwenye pesa.

Je, wajua kwamba fundi anaweza kuziona hali hizi kwa macho yake? Kwenye kompyuta yenye Linux aandike ss -tan. Akiona TIME-WAIT nyingi kwenye seva yenye wateja wengi, asihangaike, ni kawaida. Akiona CLOSE-WAIT zinaongezeka siku hadi siku, atafute mwandishi wa programu: upande wa pili umeshaaga, na programu yake imesahau kufunga.

Na hili la mwisho ni la kila mtu. Marekebisho yote yaliyotajwa hapa yalitolewa bure, lakini hayajifikishi kwenye simu yenyewe. Yanakuja ndani ya masasisho. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, tazama tarehe ya sasisho la usalama la Android. Ikiwa ni ya kabla ya Novemba 2021, simu hiyo huenda bado ina kosa la CVE-2021-0920. Pakua sasisho usiku bando likiwa nafuu, au ukiwa mahali penye Wi-Fi unayoiamini. Na ukienda kununua simu, mpya au mtumba, muulize muuzaji swali moja kabla ya kuuliza kamera: simu hii bado inapata masasisho ya usalama? Akisema hajui, itazame hiyo tarehe wewe mwenyewe kabla hujatoa pesa.